Mji Usio na Shimo

Addis Ababa, Soko Kuu
9 Oktoba 1984

Dada yangu Askala,

Shikamoo. Baba hajambo? Mwambie tulifika salama, ila basi lilizimika mara mbili, na mara zote mbili tuliolisukuma ni sisi tuliovaa suti za Sikukuu ya Msalaba. Wifi yako Tsige anakusalimu sana. Anasimulia mtaa mzima jinsi alivyokula wusa wako, ule mkate wa mgomba uliochachia shimoni, na siagi mpaka akashindwa kuinuka. Lakini unamjua, mtu wa Gojamu, nafaka ya tefu ndiyo dini yake. Bado anashangaa watu wanaopanda mgomba usiozaa ndizi, kisha wanaula mgomba wenyewe. "Nyinyi mnakula mti!" ndivyo anavyosema. Mtoto wetu Bizu ametimiza miaka minne, na kila akiona kuku anamwita shangazi, kwa sababu ya wale kuku wako. Usinune.

Sasa la maana. Nafaka ya kaskazini imeacha kufika. Mwaka jana wakati kama huu malori manane kwa juma yalikuwa yakishusha mtaani kwetu. Juma lililopita lilifika moja, nalo nusu ya mzigo lilikuwa limeachia kwenye kizuizi cha barabarani. Watu wanasema mvua itarudi. Dada, mimi ni mwenye duka, siwezi kupanga rafu zangu kwa "watu wanasema". Nimekaa nikafikiri, nikaona jambo lililonitisha: mji huu unakula kilichofika asubuhi. Lori lisipokuja siku tatu, watu wanaanza kuangaliana. Hakuna nyumba yenye shimo la akiba.

Kwetu shimo lipo. Kwa hiyo nimechimba moja uani, nyuma ya duka, nikalitandika majani kama mama alivyofanya. Nuri, yule dereva wa Agena, anapanda mjini kila Ijumaa. Wewe na kina mama mkamue inseti, huo mgomba wetu, mnipe mafurushi kumi ya wusa kila Ijumaa, na mchimbe shimo la tatu. Nimeshaziambia familia kumi na mbili za chama chetu cha mazishi kwamba njaa ikija, sisi Waguraghe wa mtaa huu itatukuta tumejiandaa.

Mdogo wako,
Zerga

---

Agena
27 Oktoba 1984

Zerga, mtoto wa mama,

Marahaba. Sisi wazima. Baba anakohoa asubuhi lakini mdomo wake haujaugua, amekutukana jana kwa kusahau kofia yako hapa. Mwandiko huu ni wangu mwenyewe, simwandikishi mtu tena. Mwalimu wa kisomo amenipa vema tatu mbele ya wanawake wote, na mke wa Shigute akanuna mpaka jioni. Mwambie wifi kwamba anayekula mti halali njaa.

Jirani yetu Bireda ameangusha migomba yake kumi na minne. Nimemuuliza kulikoni, akasema anapanua uwanja. Mjane, mtoto mmoja, anapanua uwanja wa nani?

Haya, bwana mipango. Umeziahidi familia kumi na mbili kwa shimo ambalo hujui lina nini ndani. Nani alikutuma? Nikukumbushe, maana mji umekuosha kichwa. Mashimo yetu ni mawili. La juu tunalila. La chini, lile la mama, halifunguliwi mpaka la juu limejazwa tena. Mama alilifungua kabla ya hapo mara moja tu maishani mwake, na aliomba radhi kabla ya kushika jembe. Hilo la tatu silichimbi. Shimo halijazwi na jembe, linajazwa na mgomba wa miaka sita, na mgomba wa miaka sita ni lazima uwe umepandwa miaka sita iliyopita. Hata ukiniandikia kila siku haukui haraka.

Lakini wewe ni ndugu yangu na maneno yako kuhusu malori yameniingia. Nimempa Nuri mafurushi sita. Wagawie hao watu wako, uwaambie yametoka kwa Askala, si kwa Zerga.

Majani ya migomba upande wa lango yamelegea kidogo. Jua kali tu.

Dada yako

---

Addis Ababa
20 Novemba 1984

Dada Askala,

Shikamoo. Mafurushi yalifika, na yale manane ya pili pia. Mungu akuzidishie. Siku tuliyofungua la kwanza harufu ilitembea mtaa mzima. Majirani wasiotoka kwetu walishika pua, eti Zerga amefuga maiti. Leo hao hao wanapita mlangoni polepole, wanakohoa, wananisalimu kwa majina ya baba zangu.

Duka linakwenda vizuri. Tsige mzima. Bizu amepungua kidogo, ni mambo ya meno.

Dada, usinikasirikie. Nahitaji mafurushi kumi na tano. Familia zimekuwa kumi na saba, maana kila mmoja ana ndugu, na ndugu hafukuzwi. Malori sasa ni hadithi. Juma lililopita wanawake wawili walipigana kwa ajili ya kopo la unga wa mahindi ambalo halikuwa na unga, lilikuwa la maonyesho tu, nilikuwa nimelisahau juu ya rafu.

Kama shimo la juu limepungua, unajua la kufanya. Sisemi neno zaidi.

Zerga

---

Agena
14 Desemba 1984

Zerga,

Baba hajambo. Kuku mmoja amekufa. Salamu nyingi kwa wifi.

Meno gani hayo? Mtoto wa miaka minne anaota meno ya nini, ya mamba? Mimi nimelea watatu, usinifanye mjinga. Na kama duka linakwenda vizuri, kopo la maonyesho lilikuwa linafanya nini rafuni peke yake? Niambie kweli: huyo mtoto anakula? Na chakula cha mama unakigawa au unakiuza? Kama unakiuza, Zerga, baba akijua atakulaani kwa jina.

Nimetuma mafurushi tisa. Utaona rangi yake imekolea na ukali wake unapanda puani. Usiulize yametoka shimo lipi. Niliomba radhi kwanza, kama mama.

Baba hatembei tena shambani. Anataka, lakini nimemwambia kuna matope, atateleza. Anakaa mlangoni na fimbo yake, anaangalia kilima.

Askala

---

Addis Ababa
18 Januari 1985

Dada yangu,

Baba ananisamehe? Mwambie nilimkumbuka siku ya Krismasi. Hatukuchinja.

Nakwambia kweli sasa, maana kusema uongo nako kunataka nguvu. Duka nimelifunga tangu katikati ya Novemba. Sikuuza hata tonge la mama. Niligawa, na tulipogawa sote tulipata kidogo, na kidogo kikawa hakitoshi mtu. Familia tano zimeondoka mjini, sijui zimekwenda wapi. Tsige ameuza shuka zake za harusi na sasa amelala juu ya magunia matupu, na mimi ningependa anitukane.

Bizu hasimami. Nikimshika mikono anasimama, nikimwachia anakaa chini, kisha ananitazama kama aliyekosea. Hospitali walimpima, wakamshika nywele zikang'oka bila kuvutwa. Daktari akasema hana ugonjwa. "Mpeni chakula," akasema, na yeye mwenyewe akatazama pembeni.

Nilijiona mwerevu, dada. Nilichimba shimo kabla ya watu wote. Sikujua kwamba shimo lisilo na mgomba nyuma yake ni kaburi tu.

Matope ya Desemba, dada? Kwetu, Desemba, vumbi linaingia hata kwenye maziwa. Unanificha jambo. Usiniambie. Nakuomba usiniambie, sina pa kuliweka. Tuma chochote. Nakupigia magoti hapa nilipo, Tsige ananiona.

Zerga

---

Agena
9 Februari 1985

Zerga,

Baba mzima. Barua hii nampa mwalimu wa kisomo, anaondoka Jumatatu kuja huko. Gunia nililompa Nuri jana halikuwa na maelezo, kwa sababu Nuri aliwasha gari akasema hangojei mwanamke ajifunze kuandika. Kwa hiyo huenda gunia likakutangulia. Usifanye nalo lolote mpaka usome hapa.

Ulisema nisikuambie. Nakwambia. Shamba la mama limekufa. Lilianza langoni, jani la moyo likageuka njano, likavunjika shingo, kisha la pili yake. Ukikata shina linatoka usaha wa manjano. Nimeng'oa, nimechoma, nimehamisha, nimelia. Migomba themanini na sita. Sasa kilima chote kinaugua, kwa Bireda, kwa Shigute, mpaka kanisani. Shimo la juu tupu. La mama nimelikwangua kwa kijiko. Tunakula kabichi na majani, na baba ninamwambia ni mfungo. Ameshakubali mifungo miwili isiyokuwepo kwenye kalenda.

Ugonjwa huu hutembea kwa kisu, hilo unalijua tangu utoto. Siku ya Sikukuu ulikwenda kumsaidia Bireda kukata majani, na shamba lake lilikuwa linaumwa, naye alificha kwa aibu. Ukatoka pale na kisu mkononi, ukaingia kwetu moja kwa moja ukakata majani ya kutandikia chakula, upande wa lango. Hukukipitisha motoni. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nilikuona. Moto ulikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Nikanyamaza. Ulikuwa umevaa suti, wageni wa mjini wanacheka, na nani anamkaripia mwana aliyerudi nyumbani Siku ya Msalaba? Kwa hiyo kisu kilikuwa chako na mdomo ulikuwa wangu. Sikulaumu peke yako. Lakini siwezi kuendelea kulibeba bila kukuambia.

Sasa sikiliza. Kwenye gunia kuna viazi vitatu vya shina, vile vya chini ya udongo. Ni vya ile aina ya mama yenye mshipa mwekundu. Ilikuwepo migomba mitatu tu, nyuma ya zizi, na katika kilima hiki chote ndiyo peke yake iliyosimama. Kila mgomba ulioizunguka ulioza, hiyo haikutikisika. Nimeing'oa kabla mtu hajaikata kwa njaa au kwa kisu kibovu, maana hapa kila kitu sasa ni kigonjwa, hata udongo siuamini. Huko mjini hakuna inseti, kwa hiyo hakuna ugonjwa wake. Chagua udongo safi. Pasua kila kimoja katikati, toboa moyo, jaza samadi na udongo, fukia. Kimoja kinatoa miche hamsini, pengine mia. Mwakani mnaileta yote nyumbani, tunakigawia kilima kizima. Baada ya miaka sita watu hawa watakula. Hiyo ndiyo mipango, mdogo wangu, ile uliyokuwa unaitafuta.

Najua kiazi hiki huchemshwa pia. Najua ni kitamu. Ndiyo maana nimeweka ndani kifurushi kimoja cha wusa, cha mwisho, cha Bizu. Hicho mleni. Viazi msiviguse hata mkilia. Ninaandika hivi nikijua ninamwambia nani na juu ya mtoto gani.

Askala

---

Addis Ababa
15 Februari 1985

Dada, dada yangu, mama yangu wa pili!

Shikamoo mara mia! Gunia limefika! Kifurushi cha wusa, Nuri anasema askari walikichukua kizuizini, lakini viazi walivicheka, wakasema hiki ni chakula cha ng'ombe, wakamrudishia. Mungu awape ujinga wao siku zote!

Tsige alivichemsha siku tatu, kimoja kila siku. Hakujua kuvimenya, nikamwonyesha mimi. Siku ya kwanza tulimpa Bizu kidogo kidogo, kama daktari alivyoagiza, kama kifaranga. Siku ya pili aliomba mwenyewe. Unasikia? Aliomba! "Baba, tena." Siku ya tatu alishika ukingo wa meza, akasimama. Nikamwachia, hakukaa. Tsige alikaa yeye, chini sakafuni, akalia mpaka jirani akaja kuuliza nani kafa. Nikamwambia leo hajafa mtu.

Tulimgawia pia jirani yetu mama Lakech na wajukuu zake wawili, usinigombeze, walisikia harufu.

Ladha ile, dada! Ilikuwa ile ya mama yenye mshipa mwekundu, au ulimi wangu unanidanganya? Tsige anasema hatacheka tena watu wanaokula mti, kuanzia leo na yeye ni Mguraghe, mmuandikie ukoo.

Kama vipo vingine, tuma. Hata kimoja.

Zerga wako

---

Agena
24 Februari 1985

Mdogo wangu Zerga,

Baba anakusalimu. Nimemsomea barua yako mahali pa Bizu kusimama, akataka nirudie. Nikarudia mara nne. Kisha akauliza viazi gani hivyo. Nikamwambia vya sokoni.

Nimefurahi. Andika hivyo mahali, kwamba Askala amefurahi. Mpe wifi pole na hongera, ukoo nitamwandikia mwenyewe kwa mkono wangu.

Viazi vilikuwa vya kula. Ndiyo, ulimi wako haukukudanganya, vilikuwa vya mama. Nilikutumia ili mle, mmekula, basi, hivyo ndivyo nilivyotaka. Vingine hakuna kwa sasa.

Jambo moja dogo. Mwalimu wa kisomo ana barua yangu ya tarehe tisa. Nasikia amekwama njiani, Welkite, wiki ya pili, wamempa kazi ya kuandikisha watu. Akikufikia akakupa hiyo barua, ichome. Usiisome. Niliiandika nikiwa na homa, imejaa upuuzi wa kike na makosa ya herufi, utanicheka. Nakuomba kama dada. Zamani nilikuwa nikikuambia kitu unatii bila kuuliza kwa nini. Tii mara hii moja.

Hii nampa Nuri, nimemwambia akimbie.

Askala

---

Addis Ababa
11 Machi 1985

Dada Askala,

Shikamoo. Baba hajambo?

Nuri lori lilimharibikia njiani, Sabata. Barua zako mbili zilifika siku moja, ya mwalimu asubuhi, ya Nuri mchana.

Sikuwa nimejua kwamba ilitakiwa kuchomwa.

Juu ya kisu nimeandika na kuchana karatasi siku kumi, ndiyo maana nimechelewa kujibu. Tsige ameniuliza umeandika nini. Nimesema unatusalimu.

Maganda ya vile viazi Tsige hakuyatupa. Alikuwa ameyakausha juu ya bati ayatwange siku tukikosa kabisa. Nilipanda paani, nikayachambua moja moja. Kulikuwa na vipande saba vyenye nyama kidogo upande wa ndani, na kimoja kilikuwa na kitu kama jicho la kuchipua, au nilitaka kiwe jicho. Nimechagua udongo safi nyuma ya duka. Nikaweka samadi, nikafukia, kama ulivyoandika. Kisu nilikipitisha motoni kwanza.

Najua maganda hayaoti, dada. Mama angenipiga kofi. Lakini kila asubuhi napanga foleni ya maji, na kabla sijapeleka ndoo ndani namwagilia pale.

Bizu anatembea. Jana alinifuata nyuma ya duka kwa miguu yake mwenyewe, hakushika ukuta. Akaniuliza tunapanda nini. Kisha akachukua kopo, akachota kwenye ndoo, akanisaidia kumwagilia.

Mdogo wako,
Zerga